Mpimaji wa Muoni wa Jabe

Hakupenda neno "karibu" litumike kwenye hesabu. Ukimwambia mvua imenyesha karibu saa nzima, alikuuliza dakika ngapi, na ukishindwa kujibu alikutazama kwa huruma, kama mtu aliyekuona umetoka nyumbani bila viatu. Mtaa mzima wa Jabe ulimwita Profeseri. Huku Bujumbura jina hilo hupewa mwalimu yeyote wa sekondari, lakini kwake lilikaa kama la ubatizo. Wachuuzi wa sokoni walimwita hivyo, padri alimwita hivyo, na watoto wa mtaani ambao hakuwafundisha hata siku moja walimwita hivyo. Mkewe peke yake alimwita Muzee, tangu wakati ambapo, kwa maelezo ya mama huyo, kichwa cha mumewe hakikuwa na unywele mweupe hata mmoja.

Alinifundisha fizikia miaka mitatu, kisha akawa jirani yangu kwa miaka mingi zaidi. Nyumba ya mama yangu ilikuwa ya pili kutoka kwake. Mimi niliingia kwenye kazi ya gazeti, na kazi hiyo imenizoesha kutenga nilichoona na nilichosikia. Mengi ya haya niliyaona. Mengine aliniambia yeye. Machache niliambiwa na mkewe, na nitasema ni yapi.

Mfuko wa shati lake ulikuwa na penseli mbili, zote zimechongwa. Kalamu ya wino aliitumia kusahihisha mitihani tu. Vipimo aliviandika kwa penseli, kwa sababu penseli haifutwi na maji, na paa lake lilivuja. Kila alfajiri, kabla ya kwenda misa, alisimama mbele ya ukuta wa sebule ambapo msalaba na kipimo cha mgandamizo wa hewa vilitundikwa kwenye misumari miwili iliyokaribiana. Alisoma kipimo, akaandika, kisha akafanya ishara ya msalaba. Mkewe alimwambia mara nyingi kwamba utaratibu huo umepinduka. Alijibu kwamba Mungu anaweza kusubiri, ila hewa haisubiri.

Alichokuwa akipima kilimsumbua kila aliyejaribu kukieleza, mimi nikiwa wa kwanza. Nitakieleza kama alivyotueleza darasani, kwa sababu sijapata njia bora zaidi.

Kutoka anga za mbali huja chembe ndogo sana, zenye nguvu kubwa sana. Moja ikigonga hewa juu kabisa, inavunjika, na vipande vyake vinavunja vingine, na hivyo vingine vinavunja vingine tena, mpaka chini inafika mvua pana ya chembe. Aliiita mvua kavu. Nyingi katika mvua hiyo ni elektroni, ambazo hata ukuta wa wastani huzizuia. Zilizobaki, ngumu na zenye kupenya, ni muoni. Moja hupita kwenye kiganja chako takriban kila sekunde, umelala au umesimama, na huihisi.

"Nyosheni mikono," alituambia siku ya kwanza. Tukanyosha. Akanyamaza akitazama saa yake kwa nusu dakika nzima. "Haya, mmepokea. Semeni asante."

Somo lilikuwa kwa Kifaransa, kama masomo yote, lakini alipotaka tuelewe alihamia Kiswahili, na alipotaka kutugombeza alihamia Kirundi. Somo la nguvu za muoni alilifundisha lote kwa Kiswahili. Aliuliza ni nani amewahi kuona vijana wanaoteremka kutoka Bugarama, kule milimani, na mikungu ya ndizi kwenye baiskeli. Mikono yote ikapanda.

"Ukisimama hapa mjini ukahesabu wanaoingia, umejua wangapi waliondoka Bugarama?"

"Apana, Profeseri."

"Kwa nini?"

"Wengine wameanguka kwa kona!"

"Nani anaanguka?"

"Ule mwenye breki mubovu!"

Darasa likacheka, naye akasubiri tumalize. "Muoni haina breki," akasema. "Na maisha yake ni mafupi kuliko kupepesa jicho. Inayofika mjini ni ile iliyoondoka na nguvu nyingi. Ile dhaifu inakufa njiani. Kwa hiyo anayehesabu tu waliofika, bila kujua nguvu zao, hajui chochote juu ya Bugarama."

Hilo ndilo lilikuwa tatizo lake, na ndilo tatizo la wapimaji wote duniani. Idadi ya muoni katika mvua moja inaweza kukuambia ni nini kilichogonga hewa kule juu, kiini chepesi au kizito kama cha chuma. Lakini kwa miaka mingi wenye mitambo mikubwa wamekuwa wakihesabu muoni nyingi kuliko hesabu za karatasi zinavyotaka, na hawajakubaliana sababu. Profeseri alitaka kujua kama hapa, chini ya milima yetu na karibu na ziwa letu, ingeonekana hivyohivyo.

Vyombo vyake vilikuwa mirija ya kuhesabia mnururisho, aliyoletewa kwa sanduku na mwanafunzi wake wa zamani anayeishi ng'ambo. Aliipanga miwili miwili, mmoja juu ya mwingine. Mirija miwili ikilia kwa wakati mmoja, chembe moja imepita yote miwili. Aliweka masanduku matatu ya mirija hiyo juu ya mapaa matatu: lake, la jirani wa katikati, na la mama yangu. Masanduku yote matatu yakilia pamoja, mvua kavu imetua Jabe. Umeme ulipokatika, na ulikatika sana, betri ya pikipiki iliendeleza kazi.

Lakini mrija hausemi muoni ina nguvu gani. Unasema imepita, basi. Ndiyo maana alihitaji ukuta. Sanduku la nne alilichimbia chini uani, na juu yake akapanga matofali ya kuchoma hadi yakawa marefu kuliko yeye. Elektroni hazikupenya, na muoni dhaifu hazikupenya. Iliyolia chini ya matofali ilikuwa muoni yenye nguvu. Akilinganisha masanduku ya juu na la chini, alipata kujua katika kila mvua ni sehemu gani iliyokuwa na nguvu za kutosha kupita unene ule.

"Unene wa ukuta ndio kipimo chenyewe," alisema. "Ukikosea ukuta, umekosea nguvu. Ukikosea nguvu, umekosea mvua nzima."

Akaifanya iwe kauli yake kwa kila jambo. Nilipomletea uvumi niliosikia kwenye mkutano wa waandishi kule Kigobe, aliniuliza, "Ukuta wako una unene gani?" Maana yake: umechuja nini kabla ya kuamini? Niliwahi kuacha habari mbili kwa sababu ya swali hilo, na zote mbili zilikuja kuonekana za uongo.

Matofali yenyewe hayakununuliwa kwa ajili ya sayansi. Yalikuwa ya nyumba. Alikuwa na kiwanja Carama, na kama watu wengi hapa alinunua matofali kidogo kidogo, kila alipoweza, akayapanga uani kusubiri siku ya kujenga. Mkewe alisubiri siku hiyo kwa miaka tisa. Aliniambia kwamba kila alipouliza, mumewe alijibu, "Bado kidogo, Mama, acha nimalize kipimo," naye akadhani kipimo ni kitu kinachomalizika.

Usidhani alikuwa mzembe. Alijua tofali lililolowa ni zito kuliko kavu, akapima kadhaa kwenye mizani ya muuza sukari, kabla na baada ya mvua, kisha akafunika rundo lote kwa turubai. Alijua joto hubadilisha mirija, akaandika joto. Alijua hewa nzito huzuia zaidi, ndiyo maana ya kile kipimo kando ya msalaba. Nilimwona akipanda paa la mama yangu kwenye jua la saa saba, na tai yake ya shule shingoni, kwa sababu alishuku kwamba kunguru amelisogeza sanduku. Lilikuwa limesogea upana wa kidole. Alilirudisha na kuandika.

Siku moja mkuu wa mtaa alikuja na polisi wawili. Mtu alikuwa amepeleka habari kwamba kwa Profeseri kuna nyaya zinazopita mapaa matatu, na mji wetu umepitia mambo ambayo yanafanya nyaya za namna hiyo ziogopwe. Nilikuwepo. Mkewe alisimama mlangoni, mikono imefungwa kifuani.

"Profeseri, iko mashine gani hii?"

"Inahesabu, Shefu."

"Inahesabu nini?"

"Vitu vinavyotoka juu."

Polisi mmoja akatazama juu. "Juu wapi? Kwa nani?"

"Mbali. Mbali kupita jua."

"Na nani anavituma?" akauliza mkuu wa mtaa.

"Hapo ndipo penye kazi, Shefu. Watu wanauliza zaidi ya miaka mia, na jibu kamili hawana."

Mkuu wa mtaa akasikiliza mlio mdogo wa kifaa, tiki, tiki-tiki, tiki. Akafikiri. Kisha akatoa uamuzi: "Basi kama hamumujue mwenye kutuma, musimujibu."

Walipoondoka, Profeseri alifungua daftari na kuandika kwa penseli, chini ya mgandamizo wa hewa wa siku hiyo: Tumeagizwa tusijibu. Ni mara moja tu katika miaka yote niliyoona ameandika humo kitu kisichokuwa kipimo.

Kwa vyombo alikuwa na subira isiyo na mwisho. Kwa watu hakuwa nayo. Mama mmoja anayeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, alimsimamisha njiani kumuuliza kama hizo muoni zinapita pia kwenye ndagala zake na kama zinaleta ugonjwa. Alijibu, "Zinapita, mama, zilipita hata kwa Adamu," akaendelea kutembea, na yule mama akabaki na sinia lake kichwani akiwaambia wenzake kwamba Adamu naye alikula ndagala. Alituhimiza wanafunzi tuulize maswali, akatupa alama kwa swali zuri hata jibu likiwa baya. Nyumbani kwake hakuuliza. Chakula kilifika mezani, nguo zilikauka, wageni walikuja na kuondoka, naye aliyachukua hayo yote kama mtu anavyochukua hewa.

Niliandika habari zake gazetini katika mwaka wa nane wa vipimo. Alikuwa ameniambia, kwa sauti ya chini, kwamba kuna wiki fulani ambapo chini ya matofali sanduku hulia zaidi kuliko kawaida, kidogo, lakini bila shaka. Si kila wiki, na bila mpangilio anaoujua. Katika wiki hizo, mvua za Jabe zilionekana kuwa na muoni zenye nguvu kuliko hesabu inavyoruhusu. Alikuwa amekwishatuma namba zake kwa kundi la watafiti wa ng'ambo wanaopokea vipimo vya vituo vidogo. "Naona kitu," aliniambia. Mimi nikaandika "amegundua".

Alinilaumu. "Sikusema nimegundua." Lakini aliikata habari ile vizuri kwa wembe, akaiweka ndani ya kitabu chake cha sala, na nilimwona misani akiifungua wakati wa mahubiri. Shule nayo iliiweka ukutani nyuma ya kioo, karibu na mlango wa chumba cha walimu. Wanafunzi wapya walipelekwa kuiona.

Mwaka uliofuata mama yangu alifariki.

Tulimzika asubuhi. Mchana watu walirudi nyumbani kwetu, uani kukajaa, na wanawake wa mtaa wakaweka masufuria matatu makubwa ya maharagwe na wali. Huku kwetu, kwenye kilio, masufuria ya namna hiyo hayakai juu ya jiko la nyumbani. Hupangiwa matofali, marefu, pande tatu, na kuni huingizwa katikati. Mama yangu mwenyewe ndiye aliyesimamia masufuria hayo kwenye misiba ya wengine kwa miaka mingi. Siku hiyo mke wa Profeseri alishika nafasi yake.

Profeseri alikuja moja kwa moja kutoka shuleni. Akanishika mkono, akasema maneno yanayosemwa, akakaa kwenye benchi la wanaume. Sufuria la tatu lilikuwa halijapata mahali. Wanawake wawili wakaingia na matofali vichwani, na mmoja akamwambia mwenzake, "Tumeshusha yale ya juu, ni mwepesi kushusha."

Nilimwona akigeuza kichwa.

"Matofali hayo mmeyatoa wapi?"

"Kwako, Profeseri!" akajibu yule mwanamke, amechuchumaa, akiyapanga. "Si njo yenye tunachukuaka?"

"Mnachukuaga lini?"

"Kila kilio. Na kwa harusi. Tunachukua ya juu, tukimaliza tunarudisha. Tunapanga muzuri, usiogope."

"Kila kilio," akasema.

"Kila kilio. Tangu uyalete."

Mzee mmoja wa benchi lile akacheka kwa uchungu. "Profeseri, we, leo njo siku ya kuhesabu matofali? Mbele ya mutoto wa marehemu?"

Profeseri alikaa akitazama moto chini ya sufuria. Hakula, hakunywa, na jua lilipoanza kushuka aliinuka akaondoka bila kuniaga. Nitasema ukweli: nilimchukia. Nilidhani anayaonea uchungu matofali yake siku ya kumzika mwanamke aliyempa paa lake miaka tisa bila kuuliza ni ya nini.

Siku ya nne alikuja na madaftari tisa yamefungwa kwa kamba. Akaomba radhi, kwa maneno machache. Kisha akaniuliza kama ninaweza kukumbuka tarehe za misiba yote ya mtaani.

Mimi sikuzikumbuka, ila mama yangu alizikumbuka. Kwenye kurasa tupu za mwisho wa kitabu chake cha nyimbo aliandika jina la kila marehemu aliyempikia, na tarehe, ili awaombee. Tukakaa mezani. Nilisoma jina na tarehe; yeye akafungua daftari la mwaka huo, akashusha kidole ukurasani. Baba wa fundi cherehani. Siku hiyo na tatu zilizofuata, sanduku la chini lilikuwa limelia zaidi. Mtoto wa muuza mkaa. Limelia zaidi. Bibi wa nyumba ya kona, mwaka wa tatu. Limelia zaidi. Siku nyingi zisizo na jina kitabuni, sanduku lilitulia. Tuliendelea hivyo mchana kutwa, mimi nikitaja wafu na yeye akiwatafutia muoni, na kila mmoja alikuwa nazo. Matofali yalipopungua juu, ukuta ukawa mwembamba, na muoni ambazo zilipaswa kuishia humo zilipita na kuhesabiwa kama zenye nguvu. Mbinguni hapakuwa pamebadilika kitu.

Mwishoni hakukuwa na jina jingine kitabuni. Yeye akafungua ukurasa mmoja zaidi, wa wiki hiyo tuliyokuwamo, akaweka kidole.

"Na huyu ni mama yako," akasema.

Juma lile aliwaandikia watafiti wa ng'ambo wafute vipimo vyake. Nilimuuliza kwa nini asifute siku za misiba tu na kubakiza nyingine. "Misiba tunaijua kwa sababu mama yako aliandika," akasema. "Harusi nani aliandika? Aliyeazima matofali mawili ya kuchemshia maji, nani alimwandika? Zote." Walimjibu kwa mistari miwili, wakimshukuru. Mirija aliifungua na kuirudisha kwenye sanduku ilimokuja. Mwaka ule ule nyumba ya Carama ilijengwa, na mkewe aliniambia kwamba hakuamini hata alipoona msingi. Hakujua kwa nini kipimo kimemalizika ghafla. Mumewe alimwambia tu kwamba kimekwisha.

Mimi aliniomba jambo moja: nisahihishe ile habari. Gazeti lilisema amegundua, kioo cha shule kinasema hivyo, na mwalimu aliyechukua nafasi yake anawafundisha watoto kwamba juu ya Bujumbura kuna muoni za ajabu. "Wewe uliandika," alisema. "Uandike tena."

Nilikubali. Mhariri wangu alikataa kwanza. Aliniuliza nani atanunua gazeti kusoma kwamba mwalimu hakuona kitu. Lakini nisijifiche nyuma ya mhariri, kwa sababu miezi sita baadaye alikubali, na bado sikuandika. Kila nilipoanza nilifika kwenye sentensi ya matofali na kumwona mkewe akiisoma. Ni yeye aliyekuwa akiyatoa. Miaka tisa ya kazi ya mumewe ilikuwa imepotea kwa sababu ya mkono wake mwenyewe, uliokuwa ukisaidia wafiwa. Na nilimwona mama yangu, na masufuria yake. Kila nilipokutana na Profeseri aliniuliza, "Imetoka?" nami nikajibu, "Bado, Profeseri." Hilo lilichukua miaka miwili. Katika miaka hiyo ugonjwa wa sukari ulimla macho.

Mwezi uliopita nilikwenda Carama na karatasi. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha mikono barazani, penseli mbili bado mfukoni, ingawa hakuona tena cha kuandika. Miguu ilikuwa imevimba. Mkewe alikuwa kwenye mkeka karibu naye, akiambua maharagwe mabichi kwenye beseni.

"Umeleta?" akauliza, kabla sijakaa.

"Nimeleta."

"Soma."

Nikamtazama mkewe. "Mama, naomba maji ya kunywa, kama hutajali."

"Maji yako hapo kwenye meza, mwanangu," akasema, bila kuinua kichwa.

"Mwache akae," akasema Profeseri. "Soma."

Nikasoma. Nilikuwa nimeandika kwa uangalifu. Nilisema kwamba habari iliyochapishwa kuhusu vipimo vya Jabe haikuwa sahihi. Kwamba ongezeko lililoripotiwa halikutoka angani bali lilitokana na mabadiliko ya unene wa kizuizi. Kwamba matofali ya kizuizi hicho yalikuwa yakiazimwa kwa misiba ya mtaani bila mpimaji kujua.

"Simama hapo," akasema. "Rudia ya mwisho."

"Yalikuwa yakiazimwa kwa misiba ya mtaani bila mpimaji kujua."

"'Bila kujua', futa. Ukiandika hivyo, msomaji atamtafuta aliyenificha. Hakuna aliyenificha. Yalipita mbele ya mlango wangu vichwani mwa watu. Andika: hakuuliza."

Nikafuta. Nikaandika. Sauti ya maharagwe kuangukia beseni ilikuwa imekoma.

"Matofali gani?" akauliza mkewe.

"Ya Jabe," Profeseri akasema.

"Yale nilikuwa naazimaka watu?"

"Yale."

"Njo yalikuharibia kazi?"

"Hayakuharibu yenyewe. Nilikuwa nahesabu kwa ukuta ambao sikuujua."

Aliligeuza ganda la haragwe mkononi. Ndege wa mashamba ya nyuma walikuwa wakipiga kelele. Alipozungumza, hakuwa na hasira; alikuwa kama mtu anayejaribu kuelewa hesabu.

"Ungeniambia, Muzee, nisingewanyima. Watu wamefiwa, unawanyima namna gani?"

"Usingewanyima."

"Lakini ningekuandikia siku. Leo yametoka, leo yamerudi, mangapi. Mi najua kuandika."

Mkono wa Profeseri ulipanda kwenye mfuko wa shati, ukagusa penseli, ukabaki pale. Nilisubiri kwa muda ambao yeye angetaka niseme ni dakika ngapi, na sikutazama saa.

"Hiyo nayo," akaniambia, "iandike."